Kona ya Wasomaji: Kuandika Tafakari ya Mwezi Mzima wa Kusoma

SWALI: Mwezi uliopita nilimaliza vitabu vitano: riwaya mbili za fantasia zenye mapenzi ya jinsia moja, wasifu, kitabu cha historia na diwani ya mashairi. Kila nikikaa kuandika tafakari ya mwezi naishia kusimulia visa. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa lilianza kabla hujakaa kuandika. Kisa hukaa kichwani. Wazo lililokujia ukurasa wa 112 halimalizi wiki. Kila unapofunga kitabu kwa siku hiyo, tia mistari mitatu daftarini: tarehe na ukurasa ulipoishia, tukio moja, na jambo moja ulilowaza. Mstari wa tatu ndio wenye thamani, na ndio huo watu huuruka usingizi ukiwashika. Mwezi ukiisha, isome mistari ya tatu peke yake, mfululizo, bila kujali imetoka kitabu gani. Ukikuta wasifu na riwaya vyote vimekufanya uandike juu ya mtu anayeishi kwa jina lisilo lake, umeshapata pa kuanzia. Visa vipe sentensi mbili kwa kila kitabu, basi. Wala vitabu vitano havilazimiki kugawana nafasi sawa. Kimoja kikistahili nusu ya tafakari, kipe.

SWALI: Riwaya nasoma kwa Kiingereza, maelezo naandika kwa Kiswahili. Nikirudi kwenye daftari baada ya wiki mbili sijui tena nani alimpenda nani, wala nani mwanamke na nani mwanamume.

JIBU: Tazama sentensi kama hii: "Alimshika mkono akamsihi asiondoke." Watu wawili wamo, jinsia haimo hata moja, kwa kuwa viambishi a- na -m- havibagui mke na mume. Kwenye riwaya nyingine hasara ni ndogo. Kwenye hizi, jambo ambalo mtunzi amelipa uzito ndilo linalofutika. Basi pale mapenzi yanapoguswa, andika majina mawili kamili badala ya kuviachia viambishi kazi hiyo. Halafu kunja karatasi moja ndani ya jalada iwe orodha ya wahusika: jina, cheo, jina la utani, anakotoka, anayempenda, na ukurasa alipotokea mara ya kwanza. Tumia penseli. Katika fantasia mtu huweza kuwa na majina matatu, na mtumishi wa sura ya 2 akageuka malkia sura ya 20.

Lakini Kiswahili nacho kina zawadi yake hapa. Katika The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin (1969), ambayo ni bunilizi ya kisayansi zaidi kuliko fantasia, watu wa sayari ya Gethen hawana jinsia ya kudumu. Huwa wa kike au wa kiume kwa siku chache tu za kila mzunguko wa miili yao. Mtunzi aliwaita wote kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza, wasomaji wakalalamika kwamba wanaona wanaume watupu, na mwenyewe akaja kuurejea uamuzi huo katika insha zake. Ukiandika daftarini "Estraven alivuka barafu", ukimtaja mmoja wa watu hao wa Gethen, hujamfanya mwanamume wala mwanamke. Jaribu hivi: andika ukurasa mzima wa maelezo, kisha weka alama ya kuuliza kila mahali ambapo akilini ulishamchagulia mtu jinsia bila kitabu kukuambia. Alama hizo zinafaa kuingia kwenye tafakari kuliko muhtasari wowote.

SWALI: Nitumie neno gani kwa wahusika wanaowapenda wa jinsia yao bila kuwatukana?

JIBU: "Wapenzi wa jinsia moja" linaeleweka na halina sumu. "Shoga" lina mashaka: mmoja hulisikia kama tusi, mwingine kama neno la urafiki kati ya wanawake. "Msagaji" liache. Na kama kitabu chenyewe kina jina lake kwa watu hao, tumia la kitabu, ulieleze mara moja tu.

SWALI: Je, inatosha kusema kitabu "kina wapenzi wa jinsia moja"?

JIBU: Haitoshi, hapo umetaja waliomo tu. Sema dunia ya kitabu inayachukuliaje mapenzi hayo. Katika Carmilla ya Sheridan Le Fanu (1872), mapenzi ya mwanamke kwa msichana yanakuja yamefungwa na umauti, kwa kuwa mpenzi ni mnyonya damu. Katika Swordspoint ya Ellen Kushner (1987), mpiga upanga anaishi na mwanamume mwenzake na mji haushangai. Hatari inatoka kwenye siasa za wakubwa. Tofauti hiyo ndiyo ya kuandikia.

SWALI: Kitabu cha kurasa 800 kitaingiaje katika mwezi mmoja pamoja na vingine?

JIBU: Pima kasi yako kwanza. Soma robo saa, hesabu kurasa, zidisha kwa nne. Ukipata 10 kwa robo saa, ni 40 kwa saa. Kurasa 800 kwa siku 30 ni kama 27 kwa siku, yaani dakika 40 hivi. Shairi moja lisomwe kwa sauti mara mbili, dakika tano. Usishike fantasia mbili nene kwa pamoja, falme zitachanganyika. Wengi hukwama kurasa mia za mwanzo kwa sababu wanataka kushika kila jina la mlima na nasaba. Yaache yapite, la maana litarudi, na likirudi mara ya pili ndipo uliingize kwenye ile karatasi ya jaladani.