Wasomaji Wauliza: Kumwajiri mwenye ulemavu au mwanajeshi mstaafu, biashara inapata nini?

SWALI: Nina bekari iliyosajiliwa kama kampuni, na wafanyakazi 22. Nataka kumwajiri kijana kiziwi aliyesomea uokaji. Mwenzangu anasema KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, watanirudishia robo ya mshahara wake. Ni kweli? Na mashine je, hazitamhatarisha?
*Mwenye bekari, Nakuru*

JIBU: Hakuna pesa inayorudishwa mfukoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, tangu ile ya 2003 hadi hii mpya ya 2025, inamruhusu mwajiri wa sekta binafsi kuomba apunguziwe mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi sawa na asilimia 25 ya mshahara aliomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu. Chukua mshahara wa shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Hizo 300,000 tayari unazitoa kama gharama ya biashara. Juu yake unatoa 75,000 nyingine. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, unachookoa ni 22,500 kwa mwaka mzima. Si haba, lakini usimwajiri mtu kwa ajili ya hesabu hiyo. Na biashara inayolipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25, haiokoi chochote, kwa kuwa kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo yote bila kutoa gharama.

Wengi hukwama kwenye stakabadhi. Kijana lazima awe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwanza afanyiwe tathmini katika hospitali ya serikali, kisha usajili ukamilishwe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Anzeni shughuli hiyo kabla ya mshahara wa kwanza. Faili yake iwe na nakala ya kadi, mkataba na hati za mshahara za kila mwezi, maana ombi lisilo na uthibitisho wa Baraza halisongi. Yeye mwenyewe ana msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Kwa mshahara wa 25,000 msamaha huo hauna uzito, kwani nafuu ya kawaida ya 2,400 inaimaliza PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, karibu yote. Kwa mhasibu au mhandisi wa 90,000 ni pesa nzuri, naye asichelewe kuuomba. Michango ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba bado zinakatwa.

Ujue pia kwamba sheria ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Wewe tayari umo.

Sasa mashine. Asiposikia, macho yake ndiyo kengele yake, kwa hivyo bekari ipangwe ili aone. Saa ya oveni iunganishwe na taa inayomulika. King'ora cha moto kiwe na taa, pia chooni na stoo, mahali anapoweza kuwa peke yake. Meza yake ielekee mlango. Isipowezekana, tundika kioo mbele yake aone nani anakuja na toroli nyuma. Mikseri iwe na kinga juu ya bakuli na kitufe cha kuizima mahali mkono unapofika. Na iwe mwiko kwa yeyote kuiwasha mashine ambayo mwingine anaisafisha. Kiziwi hawezi kusikia onyo la "natia moto!", na kusema kweli hata anayesikia halisikii oveni zikinguruma.

Lete mkalimani wa Lugha ya Ishara kwa siku za mwanzo za mafunzo na kwa kikao chochote cha nidhamu au mkataba. Hapa ndipo waajiri wengi wanapoteleza: wanamwandikia karatasi ndefu ya Kiingereza na kudhani ameelewa. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ishara, na maandishi ni lugha ya pili. Picha za hatua ukutani, vipimo kwa tarakimu na kuonyeshwa kwa vitendo vinafaa kuliko karatasi. Kosa la pili ni habari za kubadilishana zamu. Wenzake wanaambiana kwa mdomo kwamba unga wa leo unataka maji zaidi, yeye haambiwi, mkate unaharibika, kisha lawama inamwangukia. Ubao mmoja wenye kiasi cha unga, maji na hamira unamaliza tatizo hilo, na wafanyakazi wote wanaufaidi.

Tafadhali usiende na ile imani kwamba kiziwi hachoki au hasumbuki na kelele. Faida yako ni kwamba vyuo kama Sikri kule Homa Bay vinatoa vijana wenye ufundi ambao waajiri wengine hawajawatazama. Unachagua kutoka kundi ambalo washindani wako wameliacha.

SWALI: Nikiajiri watu wawili wenye ulemavu, kampuni yangu itaingia kwenye zabuni za AGPO?
*Mwenye hadiwea, Kakamega*

JIBU: Hapana. AGPO, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, inaangalia umiliki na uongozi wa kampuni, haiangalii wafanyakazi. Anayekuahidi cheti kwa kuajiri tu anakupotosha. Na kumwandikisha mtu kama mkurugenzi wa jina ni udanganyifu.

SWALI: Mhasibu tunayemtaka anatumia kiti cha magurudumu. Jengo ni la kupanga, na mlangoni kuna ngazi tatu.
*Meneja wa duka la jumla, Kisumu*

JIBU: Pima kimo. Ngazi 3 za sentimita 15 ni sentimita 45. Mteremko salama ni 1 kwa 12, kwa hivyo unahitaji njia ya mita 5.4, pamoja na sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na chini. Mafundi wengi hutengeneza mita 2 na kusema yatosha. Hapo mtu hapandi bila kusukumwa, na akishuka anaweza kuanguka. Usiweke vigae laini. Mvua ya Kisumu ikinyesha vinateleza. Saruji iliyochorwa kwa ufagio yatosha. Kama nafasi haipo, ikunje kwa kona, na katikati uweke pa kupumzikia.

Mlango uwe na upana wa angalau sentimita 80 ukiwa wazi, na chooni pawe na nafasi ya kuzungusha kiti, kama mita 1.5. Kabla ya chochote, muulize yeye mwenyewe anahitaji nini, kisha upate ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi. Nusu ya gharama ya marekebisho yanayofanywa kwa ajili ya mfanyakazi unaweza kuiombea nafuu ya kodi, kwa hivyo tunza risiti. Na choo hicho kisigeuzwe stoo ya mifagio. Tumeliona hilo mara nyingi mno.

SWALI: Karibu na yadi yetu ya malori wako wanajeshi wengi wastaafu. Wanatufaa kwa kazi gani, zaidi ya kulinda geti?
*Msimamizi wa usafirishaji, Lanet*

JIBU: Geti ndipo ujuzi wao unapopotea. Jeshini kuna makanika, mafundi umeme, watunza stoo, madereva, wapishi, wauguzi na watu wa mawasiliano. Muulize alikuwa kitengo gani na alifanya nini kila siku, usiishie kwenye cheo. Sajini aliyetunza stoo ya vipuri anajua kuhesabu mali, kusaini kila kinachotoka na kukabidhi zamu kwa maandishi. Katika yadi ya malori, upotevu wa vipuri na dizeli huanzia hapo hapo.

Tangazo lako lisidai diploma pale ambapo ufundi ndio unaotakiwa. Omba cheti cha kuachiliwa jeshini kwa heshima na vyeti vya mafunzo. Asiye na cheti cha kiraia afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Dereva awe na leseni ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ya daraja linalofaa: C kwa lori, CE kwa lori lenye trela. Kuendesha lori la jeshi hakutoshi.

Usimpunguzie mshahara kwa sababu anapokea pensheni. Sheria ya ajira inataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, naye akigundua ataondoka. Kuna wanaowaogopa waliokwenda vitani Somalia. Hofu hiyo si msingi wa kumkataa mtu: zungumza na wadhamini wake, mpe ratiba ya zamu isiyobadilika ghafla, na umpime kwa kazi. Muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi 6, na unaweza kuongezwa kwa miezi 6 mingine akikubali. Miezi hiyo ya kwanza mweke chini ya mtu mmoja anayemwelekeza, kwa sababu kinachowachanganya wengi wao ni kupewa amri tatu tofauti na mabosi watatu.