Cheti kimoja, mishahara miwili: kinachoamua malipo ya MA huku Marekani

Msomaji mmoja kaandika kwa uchungu. Yeye na mwenzake, wote MA (medical assistant, yaani msaidizi wa kitabibu), walimaliza chuo siku moja na wakafaulu mtihani uleule, lakini yeye analipwa dola 18 kwa saa na mwenzake dola 23. Anauliza kama kabaguliwa. Huenda. Ila kabla ya kufika huko kuna mambo ya kupekua, na mengi hayahusiani kabisa na nani mchapakazi.

Nazungumzia wale wanaoitwa MA: anayekupima presha, kukutoa damu, kukudunga chanjo, kisha akashinda kwenye simu akibishana na bima yako. Si nesi wala si tabibu. Kwa takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024, nusu ya MA wanapata zaidi ya dola 44,200 kwa mwaka na nusu wanapata pungufu. Gawa kwa saa 2,080 za mwaka wa kazi (saa 40 kwa wiki 52), unapata dola 21 na senti 25. Hiyo 2,080 ikariri, maana pengo la dola tano la msomaji wetu ni dola 10,400 kwa mwaka. Si la kunyamazia.

Tazama kwanza mlango ulioingilia. MA wengi wako kwenye ofisi za madaktari, na huko malipo kwa kawaida ni madogo kuliko hospitalini au kwenye vituo vikubwa vya wagonjwa wa nje. Ofisi ndogo haina ngazi za mishahara. Mwenye ofisi anataja anachoona kinamfaa, na wewe unakubali. Hospitali inazo ngazi, na mara nyingi zamu za usiku na wikendi zina nyongeza yake.

Kisha jimbo. Washington ni kati ya yanayolipa vizuri zaidi, na si kwa sababu ya gharama za maisha tu. Huko MA anatakiwa kuwa na kibali cha Idara ya Afya ya jimbo, na vibali vina ngazi. Aliyesajiliwa tu haruhusiwi kutoa damu kwenye mshipa, tena usajili wake umefungwa kwa mwajiri. Akihama, anaanza upya. Mwenye kibali cha juu anafanya mengi zaidi na anahama nacho. Nani kati yao atasikilizwa akidai nyongeza?

Vyeti navyo vinatofautiana. CMA, cheti cha AAMA (chama cha MA wa Marekani), hudumu miezi 60, na kuihuisha bila kurudia mtihani kunataka pointi 60 za masomo. CCMA, cheti cha NHA (shirika jingine la vyeti vya afya), ni ya miaka miwili, na inataka saa 10 za masomo. Watu wanaacha tarehe ipite kwa uvivu, halafu wanashangaa wakishushwa daraja. Na kabla hujalipa ada ya chuo chochote, uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika yanayokagua ubora wa kozi za afya. Wakizungukazunguka bila kujibu, ondoka.

Lakini cheti kinafungua mlango tu. Kinachopandisha bei ni kazi ambayo ukikosekana siku moja kliniki inayumba. Kuomba idhini ya bima kabla ya kipimo cha MRI ni mojawapo: fomu ikikosewa, bima inakataa kulipa na kliniki inapata hasara. Kwenye maombi yako usiandike "najua kutoa damu". Kila mtu anajua. Andika wagonjwa wangapi kwa siku, kama unawamudu watoto na wazee wenye mishipa myembamba, na kama unatumia sindano ya kipepeo (ile nyembamba yenye mabawa). Kama ulikuwa nesi nyumbani, leta barua yenye tarehe na saa ulizofanya kazi. Bila barua, miaka kumi yako inaweza kuhesabiwa sifuri. Inaudhi, lakini lalamika kwa mwajiri ukiwa na karatasi mkononi.

Usidanganywe na namba ya saa. Chukua kazi ya dola 21, saa 40, likizo ya kulipwa, na bima inayokatwa dola 60 kila wiki mbili. Hiyo ni 43,680 ukitoa 1,560, unabaki na 42,120 kabla ya kodi. Kazi ya dola 24 ya kuitwa wanapokuhitaji, saa 32 kwa wiki, bila likizo wala bima, ukipumzika wiki tatu inakupa 37,632. Umeachwa nyuma kwa dola 4,488, na ukiugua ni juu yako.

Kujua bei ya soko ni bure. Colorado, California, Washington na New York zina sheria zinazotaka matangazo ya kazi yaonyeshe kiwango cha mshahara, wa chini mpaka wa juu, isipokuwa kwa baadhi ya waajiri wadogo. Soma matangazo ya hospitali zenye matawi huko hata kama unaishi kwingine. Na meneja akikukataza kuzungumzia mshahara na wenzako, jua kwamba sheria ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaofanya hivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa dola 18, rudi kwa mwenzako umuulize vitu vitatu: yuko kwenye kituo cha aina gani, anafanya kazi zipi ambazo wewe hufanyi, na alijibu nini siku alipoulizwa anataka kulipwa kiasi gani. Akikwambia alitaja 23, na wewe unakumbuka ulisema "chochote mtakachonipa", basi swali lako limejibiwa.