Diski mpya, kompyuta kuukuu: makosa ya ICRC na ukuta wa GB 137

SWALI: Nina kompyuta ya Pentium III yenye FreeBSD 8. Nimeiongezea diski mpya ya IDE (aina ya zamani, ya kebo pana bapa) ya GB 250, ikawa ya pili kwenye kebo moja na ile ya zamani. BIOS (programu ya ubao mkuu inayoanza kabla ya mfumo) inaonyesha GB 137 tu. Mfumo ukishawaka, diski inaonekana nzima, ila nikinakili mafaili makubwa skrini inajaa "ad1: WARNING - WRITE_DMA UDMA ICRC error" na kasi inaporomoka. Je, nimeuziwa diski mbovu?

JIBU: Usiirudishe bado. ICRC maana yake data imeharibika njiani, kati ya ubao mkuu na diski. Upande unaopokea umepiga hesabu, haikulingana, ukakataa. Wa kushukiwa kwanza ni kebo.

Kebo zote za IDE za kompyuta ya mezani zina matundu 40, ndiyo maana huchanganywa. Za zamani zina nyaya 40. Kwa kasi inayozidi MB 33 kwa sekunde unahitaji yenye nyaya 80, nyembamba sana. Zile 40 za ziada ni za ardhi tu, zimepita katikati ya nyaya za data ili zisiingiliane. Ncha ya buluu huchomekwa kwenye ubao, nyeusi kwenye diski ya kwanza, ya kijivu ya katikati kwenye ya pili. Urefu usizidi sentimita 46. Zile kebo za mviringo zinazopendeza macho, achana nazo.

Kabla ya kutafuta kebo, punguza kasi: `atacontrol mode ad1 UDMA2`. Makosa yakikoma, tatizo liko kwenye njia. Kisha soma `smartctl -A /dev/ad1`, inayoonyesha rekodi ya afya ya diski. Kipengele 199 huhesabu makosa ya njiani. Hakishuki hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo tazama tu kama kimeacha kupanda. Kikipanda kipengele 5 au 197 (sekta mbovu), hapo diski yenyewe inakufa. Irudishe.

Ukuta wa GB 137 ni jambo jingine. BIOS yako huhesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa biti 28: sekta 268,435,456 za baiti 512, basi. Kerneli (kiini cha mfumo) ikishapakiwa huzungumza na diski bila kupitia BIOS, kwa hiyo diski ya data haidhuriki. Diski ya kuwashia ndiyo inayotaka patisheni ya mzizi (sehemu yenye mfumo wenyewe) iwe mwanzoni, chini ya mpaka huo.

Hata hivyo hakikisha, diski ikiwa bado tupu, kwani jaribio hili linafuta kilichopo:

`dd if=/dev/random of=/tmp/a bs=1m count=16`
`dd if=/tmp/a of=/dev/ad1 bs=1m seek=140000`
`dd if=/dev/ad1 of=/tmp/b bs=1m count=16 skip=140000`
`dd if=/dev/ad1 of=/tmp/c bs=1m count=16 skip=8928`

`cmp /tmp/a /tmp/b`, inayolinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa, isiseme kitu. Lakini usiridhike hapo: mfumo usiovuka mpaka huzunguka na kuandika mwanzoni mwa diski, kisha husoma palepale, na kila kitu kinaonekana shwari. 140000 kutoa 131072 (mpaka ule, kwa vipande vya `bs=1m`) ni 8928; `/tmp/a` na `/tmp/c` zikifanana, diski inajiandika juu yake yenyewe. Usiitengenezee mfumo wa mafaili.

SWALI: Yangu haifiki hata huko. BIOS inaganda inapoitafuta diski mpya.

JIBU: BIOS kadhaa za miaka ya 1990 huganda zikikuta diski inayozidi GB 33.8. Weka nafasi ya diski mpya iwe "None" kwenye BIOS na uwashe kwa diski ya zamani. Kerneli itaitafuta mpya yenyewe, mradi hujazima chaneli nzima. Jampa (kifuniko kidogo cha pini za diski) ya kuibana diski iwe GB 32 iwe chaguo la mwisho, maana hata kerneli itaambiwa ni GB 32.