Kabla Hujaiponda Sehemu ya Tatu, Rudia ya Kwanza

Nikikaa na vijana pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, mazungumzo yakiangukia kwenye zile muvi tatu za Batman za Christopher Nolan, hukumu ni ile ile: ya pili ndiyo kiboko, ya tatu wamechemka. Nimebishana na hukumu hiyo miaka mingi na bado sikubaliani nayo. The Dark Knight Rises, hiyo ya tatu iliyotoka 2012, inapimwa kwa kipimo ambacho si chake, na muvi nyingi za mashujaa zinazofunga mfululizo zinaonewa vivyo hivyo.

Chanzo chake kinaeleweka. The Dark Knight ya 2008, ndiyo ya pili, ilikuwa na adui Joker aliyechezwa na Heath Ledger, mwigizaji aliyefariki Januari mwaka huo kabla picha haijatoka, na Oscar akapewa akiwa ameshazikwa. Adui wa namna ile hapatikani mara mbili. Mtu anaingia kwenye ya tatu akimtafuta Joker, anakutana na Bane aliyezibwa mdomo, anakata tamaa mapema. Lakini kushindanisha adui na adui ni kupima kitu kimoja tu. Ya pili inaruhusiwa kuacha mambo yakining'inia. Ya tatu ina madeni. Ndiyo maana kabla sijasema mbaya au nzuri, huwa najiuliza: zile mbili za mwanzo zilikopa nini, na hii imelipa kipi?

Chukua Batman Begins ya 2005, ndiyo ya kwanza. Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, akiwa mtoto anatumbukia kisimani, popo wanamvamia, baba yake anashushwa kwa kamba kumtoa. Sasa njoo kwenye ya tatu. Bane anamwumiza mgongo na kumtupa katika gereza lililo chini ya shimo. Wafungwa wanaojaribu kutoka hupanda ukuta wakiwa wamefungwa kamba kiunoni. Bruce anapanda nayo, anaanguka. Anarudia, anaanguka tena. Anafanikiwa pale anapoiacha kamba, na sekunde chache kabla hajaruka, popo wanachomoka kwenye ukuta na kumpita usoni. Kama umeitazama ya kwanza juzi tu, hapo mwili unakusisimka, maana unajua kile kisima bado kimo ndani yake. Kama uliitazama zamani ukasahau, unaona mtu karuka ukuta, basi.

Deni lingine ni uongo kuhusu Harvey Dent, mwendesha mashtaka wa Gotham, jiji la Batman, aliyegeuka muuaji. Ya pili inaisha Batman akibeba lawama za mauaji ili jina la Dent libaki safi. Ya tatu inaanza miaka minane baadaye, jiji limetulia kwa sheria iliyopewa jina la Dent, na Kamishna wa polisi Gordon anatembea na ukweli aliouandika kwenye karatasi bila kuthubutu kuusoma. Anayekuja kuusoma ni Bane, nje ya gereza, mbele ya watu wote, kisha anawafungulia wafungwa. Kwangu mimi hapo ndipo filamu hii ilipo na nguvu kuliko vita vyake vyote: jambo lililoonekana la busara katika ya pili linageuka silaha mkononi mwa adui.

Sisemi haina makosa. Siri ya Talia, mwanamke aliyekuwa nyuma ya Bane tangu mwanzo, inafichuliwa mwishoni kabisa, na Bane, baada ya kututisha muda wote ule, anaondoshwa kwa pigo moja na hadithi inaendelea kana kwamba hakuwahi kuwepo. Bruce anatoka shimoni nchi ya mbali na kutokea ndani ya Gotham iliyofungwa njia zote, hatuonyeshwi alipitaje. Hayo yananiudhi. Ila tofautisha kosa la njia na kosa la roho ya hadithi. Spider-Man 3 ya 2007 watu huilaumu kwa kurundika maadui watatu. Mimi naona kosa lake kubwa liko kwingine. Katika ya kwanza, Peter, ambaye ndiye Spider-Man, anamwacha mwizi apite, na mwizi huyo ndiye anayemuua mjomba wake Ben. Ushujaa wake wote umesimama juu ya majuto hayo. Ya tatu inakuja kutuambia muuaji alikuwa mtu mwingine. Hapo filamu haijalipa deni, imechana karatasi ya mkopo. Kosa kama hilo nalihesabu kuliko matundu kumi ya njia.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa huku: uliitazama vipi? Wengi tulikutana na muvi hizi kwenye mabanda ya video, mvua ikipiga bati, msimuliaji akiweka Kiswahili juu ya sauti. Msimuliaji mzuri ana raha yake, nami nawapenda. Lakini mzee Alfred, mtumishi aliyemlea Bruce, anapomwambia kwamba aliichoma barua ya Rachel, mwanamke aliyependwa na Bruce, iliyosema amemchagua Dent, kisha anaondoka nyumbani kwa machozi, uzito wote umo katika sauti ya Michael Caine na ukimya wa Christian Bale anayecheza Bruce. Msimulizi akiongea juu yake, hicho kipande umekikosa.

Tena filamu hii inakaribia saa mbili na dakika arobaini na tano. Katika banda moja hapa Mbeya, mwenye mashine aliikata pale bomu alilolibeba Batman lilipolipuka baharini, ili awahi kuweka nyingine. Kijana mmoja akainuka, "Stelingi kafa!" Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma akamjibu, "Mdogo wangu, haijaisha hiyo." Alikuwa sahihi: Alfred alikuwa bado hajaketi kwenye mgahawa wa Florence na kumwona Bruce akiwa hai, ameketi na Selina, yule mwizi wa kike aliyemsaidia. Waliotoka pale wakaeneza mtaani hukumu ya filamu isiyo na mwisho wake.

Kwa hiyo weka zote tatu kwenye flashi, uzitazame kwa mpangilio ndani ya wiki moja, kwa sauti yake, na hukumu yako uiache ilale hadi kesho yake. Kama muda hautoshi, tazama ya kwanza yote, kisha kipande cha mwisho cha ya pili, kuanzia Dent anapoishika familia ya Gordon mpaka Alfred anapoichoma barua. Halafu iwashe ya tatu.