Programu ishapanda memori, taarifa za dibagi ziko wapi? Mimi zilinila siku mbili

Aisee nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna kazi niliwahi kufanya, programu ya C++ ipo kwenye sava inakula CPU asilimia 100, haifi, haijibu, imekaa tu. Nikachukua anwani za steki (orodha ya fankshen zinazoitana), nikazipeleka kwa addr2line, zana inayogeuza anwani kuwa mistari ya kodi, pamoja na faili la programu lililoko diskini, ikanipa majina ya fankshen na namba za mistari bila shida yoyote. Siku mbili nasoma ile mistari, lupu hamna, loki hamna, nikaanza hadi kuilaumu kompaila ya watu. Kumbe usiku ule jamaa walishaweka toleo jipya kwa mv, yaani diskini kuna faili jipya ila prosesi inayorun ni ile ya zamani, na addr2line haikulalamika hata kidogo, ilinisomea tu mistari ya programu ambayo haikuwa hata imewashwa.

Sasa wengi tunadhani ukikompaili na -g (yaani kompaila iweke taarifa za dibagi) basi kila kitu kinapanda memori. Hapana. Kwenye Linux taarifa za DWARF, yaani zile za dibagi, zinakaa ndani ya faili la ELF (muundo wa faili za programu), kwenye .debug_info, .debug_line na wenzake, lakini hizo sekisheni hazina alama ya kupandishwa, kerneli inapowasha programu inapandisha vipande vya PT_LOAD tu, za dibagi zinabaki diskini. Uchimbe /proc/PID/mem (PID ni namba ya prosesi) kutwa nzima hutazikuta. Kinachopanda ni .eh_frame ambayo inakusaidia kufuata steki kujua nani kamwita nani, .dynsym yenye majina machache, na kitu kidogo ambacho kwangu ni dhahabu, build-id, yaani kitambulisho cha bainari hiyo. Mara nyingi ni baiti 20, yaani herufi 40 za heksa, na zimo kwenye memori ya prosesi yenyewe kwa hiyo hazidanganyi hata faili likibadilishwa mara kumi.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kitu chochote napiga eu-unstrip -n -p na namba ya prosesi, inanitolea build-id ya programu na laibrari zote zilizopanda. Halafu readelf -n kwenye faili la diskini. Zisipofanana naacha hapo hapo, sisomi hata mstari mmoja.

Na faili la zamani halijapotea, usipaniki. Ukifungua /proc/PID/maps utaona neno deleted pembeni ya jina, lakini wewe piga cp /proc/PID/exe /tmp/zamani na unapata bainari ile ile inayorun, mradi prosesi haijafa, kwa hiyo usikubali mtu aiue kabla hujakopi (nishawahi kumzuia mtu mkono kabisa). Laibrari zilizofutwa nazo ziko kwenye map_files, ila hapo unahitaji root.

Pa pili panapoumiza vichwa ni hesabu. Anwani za memori sio za faili, kwa sababu bainari za siku hizi ni PIE (zinaweza kukaa popote memorini) na kerneli inazipandisha sehemu tofauti kila mara. Tuseme maps inaanza 55d0c8a00000 na anwani yako ni 55d0c8a01a34, unatoa unapata 1a34, hiyo ndo unampa addr2line. Kosa la kila mtu, na mimi nimo, ni kutoa mwanzo wa ule mstari wenye r-xp, wa kipande cha kodi (hapa 55d0c8a01000), hapo unapata a34, fankshen nyingine kabisa na yenyewe inaonekana ina mantiki! Na kama bainari imelinkiwa na lld (linka ya LLVM) usiamini ofseti za maps kabisa, soma readelf -l uangalie p_vaddr (anwani ya kipande ndani ya bainari), maana kule ofseti ya faili na anwani mara nyingi haziendi sawa. Ukiwa unaandika kodi ndani ya programu yenyewe achana na kuparsi maps, tumia dl_iterate_phdr, inakupa dlpi_addr, kiasi cha kutoa, tayari.

Halafu anwani za kurudi kwenye steki toa 1 kwanza. Zinaonyesha instraksheni inayofuata baada ya call, ukiacha hivyo unaweza kuonyeshwa mstari wa chini yake, au hata fankshen ya jirani.

Kama bainari imestripiwa, yaani taarifa za dibagi zimeondolewa, ndo build-id inalipa kweli kweli. Herufi mbili za kwanza ni folda, zilizobaki ni jina la faili likiishia na .debug, chini ya /usr/lib/debug/.build-id/, na gdb inajitafutia yenyewe. Ndo maana mimi kila toleo, kabla ya kustripi, napiga objcopy --only-keep-debug natunza. Hiyo folda yangu sasa hivi ni magiga na magiga, bosi analalamika diski inajaa, nimemwambia anunue nyingine.