Matrekta mawili ya hospawa 25, bei tofauti

Ndugu, umeuliza uchukue lipi kati ya matrekta mawili madogo ya hospawa 25, ilhali moja lina bei nafuu zaidi. Hospawa za injini zisikubabaishe. Uliza za PTO, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine zinazofungwa kwenye trekta, maana ndizo zinazozungusha rotaveta ya kutifua udongo na mashine ya kufyekea. Tazama pia uzito wa trekta lenyewe. Jepesi huteleza likivuta jembe, injini iwe na nguvu vipi.

Ndoo ya mbele ndiyo yenye ujanja: muuzaji mmoja hutaja mzigo inaoinua kwenye pini zinazoishikilia, mwingine sentimita 50 mbele yake, ambako uwezo hupungua. Dai vipimo vya sehemu moja.

Bei iandikwe, kila kitu kikitajwa: usafirishaji, ndoo, uzito wa nyuma wa kusawazisha ndoo, kodi. Ukiambiwa mkopo hauna riba, uliza kwanza bei ya taslimu. Mara nyingi punguzo limefichwa hapo. Mimi ningeongeza hela kidogo kwa wakala wa karibu mwenye spea na fundi.

Na siku ya kulijaribu, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, ulisikie likiwaka injini ikiwa baridi.