Re: Ukianzia TEHAMA ya serikali ya jimbo Marekani, unaweza kufika juu?
Inawezekana, mkuu. Mtazame Vivek Kundra: kazaliwa New Delhi, kakulia Tanzania (Kiswahili anacho tangu utotoni), kisha familia yake ikahamia Maryland, Marekani. Kazi ya serikali aliianzia ngazi ya kaunti, huko Arlington, akaingia serikali ya jimbo la Virginia, na 2007 akawa mkuu wa teknolojia wa jiji la Washington. Nadhani hapo ndipo alipojitengenezea jina: aliziweka data za jiji hadharani, na 2008 wakashindanisha watu kuzitengenezea programu. Naona vyeo vya awali peke yake visingemfikisha mbali. Machi 2009 Obama akampa cheo cha kusimamia TEHAMA ya serikali kuu nzima, wa kwanza kwa cheo hicho. Aliondoka 2011, baadaye akaenda Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta.